Magongo Baada ya Alasiri: Wiki ya Vijana Wetu Uwanjani, Newala na Masasi

Tangu mvua za masika zilipokatika, kiwanja cha mchanga mwekundu kilicho nyuma ya madrasa yetu hapa Newala kimekuwa na sauti mpya kila baada ya swala ya Alasiri. Si kishindo cha mpira wa miguu tulichokizoea, bali ni mlio mkavu wa mbao ikigonga kitu kigumu. Vijana 22, wengi wao wanafunzi wa sekondari na wachache madereva wa bodaboda, hukimbia wakiwa wameinama, mikononi wana magongo yaliyopinda ncha mithili ya bakora iliyogeuzwa juu chini. Mchezo huo ni mpira wa magongo, na wengine huuita hoki. Wapo wazee wetu waliopita njia wakadhani vijana wanapigana, wakasimama kuwaamua.

Kamati ya msikiti imeulizwa mengi juu ya jambo hili. Wazazi wanataka kujua iwapo watoto wao wataiacha madrasa. Mfanyabiashara mmoja ameleta ombi la kukikodi kiwanja hicho ili kihifadhi magunia ya korosho msimu utakapofunguliwa, na kodi aliyoitaja si haba. Vijana nao wameleta barua yao, wakiomba siku 3 za mazoezi na siku moja ya mechi kila wiki. Maombi ni mawili, ardhi ni moja, na ardhi yenyewe ni ya waqfu: marehemu aliyeitoa aliandika kwamba ni kwa manufaa ya watoto wa madrasa. Sharti la mwenye kuweka waqfu halichezewi. Kwa hiyo swali lililotukabili halikuwa kama mchezo unafurahisha au haufurahishi. Swali lilikuwa: je, manufaa ya watoto yamo ndani ya kodi, au yamo ndani ya vumbi la kiwanja?

Kabla ya kujibu tuliona ni wajibu wetu kuifuatilia wiki nzima ya vijana hawa, na kuwafikishia wasomaji yale tuliyoyaona.

Mchezo wenyewe

Katika mpira wa magongo uliokamilika kila timu huwa na wachezaji 11, akiwemo mlinda mlango. Uwanja wake una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55, hivyo huingia ndani ya uwanja wa kawaida wa mpira wa miguu na nafasi ikabaki. Lango ni dogo kuliko la soka: upana wake ni mita 3.66 na kimo chake mita 2.14. Mechi huchezwa kwa robo 4 za dakika 15 kila moja.

Mpira wake ni mdogo, unaenea kiganjani, nao una uzito baina ya gramu 156 na 163. Lakini ni mgumu, na hapo ndipo ilipo hatari yake na ndipo yalipotoka masharti yake mengi. Mchezaji haruhusiwi kuugusa kwa mguu wala kwa mkono, isipokuwa mlinda mlango. Haruhusiwi kuupiga kwa upande wa mviringo wa gongo; atumie upande ulio bapa peke yake. Haruhusiwi kuurusha juu kwa namna ya kumhatarisha mwenzake. Na bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na mshambuliaji ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya lango. Mtu hawezi kufumba macho akapiga kutoka katikati ya uwanja akitaraji bahati. Ni lazima asogee, apasiane na wenzake, asubiri.

Kwa wenye kutumia mkono wa kushoto tunawapa pole: magongo yote hutengenezwa kwa umbo la mkono wa kulia, na hakuna jingine. Tulimwona kijana mmoja mwenye shoto akihangaika siku mbili nzima, na siku ya tatu akawa anaongoza mpira vizuri kuliko wengi. Ustadhi wa madrasa aliyekuwa pamoja nasi alitabasamu, akasema laiti kijana huyo angeihangaikia tajwidi kwa subira ile ile.

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa

Jumatatu hakuna mchezo. Jioni hiyo ni ya darsa, baina ya Magharibi na Isha, na vijana wote walio katika kundi hili wamejiandikisha. Hata hivyo mchana wake baadhi yao hukutana chini ya mwembe kutengeneza vifaa. Magongo waliyonayo ni 16, yote makuukuu, yaliyoletwa na mwalimu kijana aliyejifunza mchezo huu Dar es Salaam kabla hajapangiwa kazi huku kwetu. Yaliyopasuka hufungwa kwa utepe wa mafundi umeme. Kinga za miundi wamezikata kutoka kwenye madumu ya plastiki, wakazifunga ndani ya soksi. Fundi seremala wa mtaani aliombwa achonge magongo mengine. Alilijaribu la mpingo likawa zito mno mkononi, akaliacha. Magongo ya asili ya mchezo huu yalikuwa yakichongwa kwa mti wa mforosadi, ambao hupindika bila kuvunjika, na mji wa Sialkot nchini Pakistan umejulikana kwa kazi hiyo. Siku hizi mengi hutengenezwa viwandani kwa nyuzi za kaboni na za kioo.

Jumanne ni siku ya pumzi. Mazoezi huanza saa 10 jioni, baada ya swala ya jamaa, nayo huhusu mbio fupi fupi, kusimama ghafla na kugeuka. Mpira wa magongo huchezwa mwili ukiwa umeinama, na asiyejenga mgongo na mapaja hachukui muda kuzidiwa. Jumanne hiyo walikosekana vijana 5. Tulipouliza tuliambiwa walikuwa shambani na wazazi wao tangu alfajiri, wakipuliza salfa kwenye mikorosho, na jioni hawakuwa na nguvu iliyobaki. Mwalimu hakuwakata majina. Alisema kijana anayemsaidia baba yake shambani ameshafanya mazoezi yake. Neno hilo liliwapendeza wazee waliokuwa wamekaa pembeni.

Jumatano ni siku ya ufundi. Hapa ndipo mtu huona kwamba mchezo huu si wa fujo. Kijana hupewa mpira mmoja na vijiwe 8 vilivyopangwa mstari, naye hutakiwa apite katikati yake huku akigeuza gongo kulia na kushoto bila kuupoteza mpira. Kisha hujifunza kuusukuma mpira bila kuinua gongo, kuupokea ukakaa kimya, na kumnyang'anya mwenzake pasipo kumgusa mwili. Mchanga wetu wa Newala huuchosha mpira haraka, hivyo vijana wamezoea kusukuma kwa nguvu. Ili kuupunguza mchanga huo huburuta pipa lililojazwa kokoto juu ya kiwanja kila kabla ya mazoezi, kwa zamu, na aliyechelewa ndiye hulivuta.

Alhamisi hucheza wenyewe kwa wenyewe. Siku hiyo mwalimu huwafundisha kona ya adhabu, ambayo ni silaha kubwa ya mchezo huu. Timu iliyokosea ndani ya nusu duara yake hubakiza wachezaji 5 tu langoni, akiwemo mlinda mlango, na wengine hulazimika kwenda mstari wa katikati. Kosa la mmoja huwagharimu wote. Baada ya kulieleza hilo, mwalimu hakuongeza mawaidha, wala hayakuhitajika.

Ijumaa kiwanja hufungwa. Asubuhi vijana hukifagia, na mahali pa nyuma hutandikwa mikeka kwa ajili ya waumini wanaozidi nafasi ya msikiti. Hakuna anayeingia na gongo siku hiyo.

Jumamosi, Masasi

Kusini huku hatujaona ligi ya magongo yenye timu za watu 11. Vijana wetu wamejipangia yao, ndogo, ya timu 4 za wachezaji 7: mbili za Newala na mbili za Masasi, ambako wapo wenzao waliofundishwa na mwalimu huyo huyo. Kila timu hukutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, na timu za mji mmoja nazo hukutana mara mbili, hivyo jumla ni mechi 12. Huchezwa 2 kila Jumamosi, na ligi humalizika kwa Jumamosi 6. Kila mechi ina vipindi 2 vya dakika 15. Ushindi una pointi 3, sare ina pointi moja.

Jumamosi tuliyoifuatilia ilikuwa zamu ya kwenda Masasi. Asubuhi vijana walihudhuria madrasa hadi saa 6, tukaswali Adhuhuri, ndipo gari la kukodi likaondoka. Msafiri atokaye Newala huiacha hewa ya baridi ya uwanda wa Makonde, akashuka ukingo wake, na mbele yake huona vilima vya mawe vya Masasi vimesimama kila kimoja peke yake. Si hali ya hewa tu inayobadilika, bali hata udongo. Kiwanja cha Masasi ni kigumu, na mpira juu yake hukimbia.

Jambo hilo ndilo lililoamua mechi. Timu yetu ya kwanza ilifungwa mabao 3 kwa 1. Vijana walikuwa wakisukuma kwa ile nguvu ya mchangani, na mpira ukawapita wenzao ukatoka nje kabla hawajaufikia. Timu ya pili, iliyokuwa imekaa pembeni ikitazama, ilijifunza kwa makosa ya ndugu zao. Walipunguza nguvu, wakapasiana kwa karibu, wakaambulia sare ya mabao 2 kwa 2. Katika mechi hiyo kijana wetu mmoja aliinua gongo mbele ya uso wa mpinzani, na alipoadhibiwa akamjibu mwamuzi kwa ukali. Alionyeshwa kadi ya njano, akakaa nje dakika 5. Aliporejea alikwenda kwanza kwa yule mpinzani, akampa mkono, kisha akamwendea mwamuzi. Hatukumtuma, wala mwalimu hakumtuma.

Mechi ya pili ilimalizika saa 11 na dakika 20. Vijana wa pande zote mbili walitawadha katika msikiti uliokuwa karibu, wakaswali Magharibi pamoja wenyeji na wageni, na baadaye ndipo gari likapanda kurudi Newala. Hilo tuliliweka kuwa sharti: hakuna safari kabla ya swala, na hakuna kijana atakayerudi usiku kwa bodaboda.

Jumapili asubuhi madrasa iliendelea kama kawaida. Tulihesabu majina. Katika wale 14 waliosafiri, walihudhuria 13, na mmoja alikuwa mgonjwa kweli, maana tulimtembelea nyumbani.

Nyasi, zulia na maji

Tofauti ya mchanga wa Newala na udongo wa Masasi inatukumbusha jambo kubwa lililoupata mchezo huu duniani. Kwa miaka mingi magongo yalichezwa juu ya nyasi na udongo, na wenye ufundi wa mikono walitamba. Pakistan ilitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960, 1968 na 1984, na Kombe la Dunia mara 4: 1971, 1978, 1982 na 1994. Majirani zetu wa Kenya waliingia Olimpiki kwa mchezo huu kuanzia Melbourne mwaka 1956. Mwaka 1964, mjini Tokyo, walishika nafasi ya 6, na katika Kombe la Dunia la kwanza, lililofanyika Barcelona mwaka 1971, wakamaliza wa 4. Nahodha wao Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki 4. Uganda nayo ilishiriki Munich mwaka 1972.

Mwaka 1976, katika Olimpiki ya Montreal, magongo yalichezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo hiyo juu ya zulia la nyasi bandia. Tangu hapo mashindano makubwa yakahamia huko. Zulia hilo ni la gharama kubwa, na yale yaliyotumika kwa mashindano ya juu yalihitaji kumwagiwa maji kabla ya mechi. Sisi wa uwanda wa Makonde, ambao mama zetu waliteremka mabondeni kufuata ndoo moja ya maji, na ambao hadi leo tunautegemea mradi wa kupandisha maji kutoka chini, hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mchezo uliokuwa wa yeyote mwenye kiwanja kilichosawazishwa ukawa na ngazi ya juu ambayo maskini haifikii.

Tanzania nayo ina ukurasa wake. Mwaka 1980, Michezo ya Moscow iliposusiwa na mataifa mengi, Kenya ikiwemo, timu ya taifa letu ya wanaume ilishiriki mashindano ya magongo yaliyokuwa na timu 6. Ni Olimpiki hiyo hiyo ambayo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha katika riadha. Katika magongo mambo yalikuwa magumu: India, waliochukua dhahabu, walitufunga mabao 18 kwa bila, na tukamaliza nafasi ya mwisho. Wapo wanaolitaja hilo kwa kicheko. Sisi tunaona lina funzo. Timu haijengwi kwa mwaliko wa kushiriki. Hujengwa kwa Jumanne na Jumatano nyingi zisizoonekana na mtu.

Kenya walizipata Jumanne hizo wapi? Sehemu kubwa walizipata katika shule na klabu za jamii. Masingasinga walikuwa na klabu zao za michezo, Wagoa walikuwa na zao, na Waislamu wa Nairobi walikuwa na klabu na uwanja wao unaoitwa Sir Ali Muslim Club, kwa jina la Sir Ali bin Salim, hadi leo. Jamii zilizotenga ardhi kwa ajili ya vijana zilivuna vijana waliokaa karibu nazo. Huu si mwito wa kuiga dini wala desturi za mtu. Ni kulitazama jambo lenye manufaa na kujiuliza kwa nini sisi tusiweze.

Hofu za wazazi

Hofu ya kwanza ni wakati. Tumeipima kwa saa. Alasiri huswaliwa kabla ya saa 10, na katika miezi hii ya kiangazi jua la kwetu hutua karibu saa 12 na dakika 10. Mazoezi ya saa moja na robo yakianza saa 10 humalizika saa 11 na robo, na karibu saa nzima hubaki ya kujisafisha na kutawadha. Mwalimu amekubali kwamba kijana aliyekosa swala ya Alasiri ya jamaa bila udhuru hagusi gongo siku hiyo. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yatasimama.

Hofu ya pili ni kamari. Vijana wetu wamezungukwa na mashine za kubeti, na hata ligi za mitaani zina ugonjwa wake: kila timu huchangia fedha, na mshindi huondoka na fungu lote. Sheikh wetu ameeleza kwamba hiyo ni kamari kwa jina la mchezo, kwa sababu kila upande umeweka mali yake ikiwa hatarini kuliwa na mwenzake. Kwa hiyo ligi hii haina kiingilio cha timu. Nauli huchangwa na kila upande kwa safari yake. Zawadi ya mshindi haitakuwa fedha, na itatoka kwa mtu asiyeshindana. Wala hapatapokelewa jezi yenye jina la kampuni ya pombe au ya kubashiri, hata ikiletwa bure.

Hofu ya tatu ni mavazi na madhara ya mwili. Vijana wamekubaliana kuvaa kaptula zinazovuka magoti. Kuhusu madhara hatutawaficha: mpira ule ukimpata mtu usoni utamvunja jino au zaidi. Katika wiki hiyo tuliona kidole kimoja kilichovimba na michubuko miwili. Kofia ya mlinda mlango iliyopo ni moja, nayo imepasuka. Tumewaagiza wasifanye mazoezi ya kupiga langoni mpaka kofia mbili nzima zipatikane, na kwamba hakuna mtoto wa chini ya miaka 12 atakayeingia kiwanjani wakati mpira mgumu unatumika. Wadogo watatumia mpira wa tenisi.

Mzee mmoja anayeheshimika katika mtaa wetu alitujia baada ya Isha, akasema, "Wanangu, mimi sikatai mchezo. Nakataa mchezo unaomfanya mtoto asahau kwao." Tulimwambia kwamba hofu yake ni yetu pia. Hata hivyo tulimkumbusha yale yaliyomo katika sira: Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), alipigana mieleka na Rukana, na aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini. Dini yetu haikuukataa mwili wenye nguvu. Iliuwekea mipaka ili nguvu hiyo isimpoteze mwenyewe.

Na binti zetu?

Swali hili liliulizwa na akina mama, na walikuwa na haki ya kuliuliza. Mwaka ule ule wa 1980, mashindano ya kwanza ya Olimpiki ya magongo kwa wanawake yalishindwa na timu ya Zimbabwe, taifa lililokuwa limepata uhuru mwezi wa nne wa mwaka huo. Nchini Kenya timu ya wanawake ya Telkom ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Hivyo hakuna awezaye kusema kwamba mchezo huu ni wa wanaume peke yao.

Kamati haikutaka kulijibu swali hili kwa haraka ili kuwafurahisha watu. Wasichana wanahitaji mahali palipositirika, vazi lenye heshima na mwalimu wa kike. Mahali pamepatikana, ndani ya ua wa madrasa. Vazi halina mgogoro, kwani suruali pana, kanzu fupi na hijabu iliyofungwa vizuri havimzuii mtu kucheza. Mwalimu ndiye asiyekuwepo. Mwalimu mmoja wa kike anayefundisha mpira wa pete shuleni amekubali kujifunza kwanza, na tumempa magongo 4 kati ya yale 16. Akiwa tayari, Jumatano itakuwa ya wasichana, na wavulana watahamia Jumatatu kabla ya darsa.

Uamuzi wa kamati

Kikao kilikaa kwa saa mbili na hakikuwa cha maneno matamu. Mhazini alituonyesha hesabu: paa la madrasa linavuja, na kodi ya ghala la korosho ingelitengeneza lote kabla ya mvua. Wajumbe wawili walisema kwamba manufaa ya watoto ni paa, si magongo. Hoja yao ilikuwa nzito, na tunaiandika hapa ili wasomaji wajue kwamba jambo hili lina gharama yake.

Kilichotuelekeza ni daftari la mahudhurio. Kabla ya mazoezi kuanza, vijana wa rika hili waliokuja darsa ya Jumatatu walikuwa 6. Sasa ni 22. Mtu anaweza kusema wanakuja kwa ajili ya magongo, na huenda ni kweli. Lakini mtu aliyekwisha kuingia mlangoni unaweza kumfundisha, na aliyeko kwenye mashine ya kubeti huwezi.

Kwa hiyo kamati imeamua haya. Kiwanja kitabaki kwa vijana hadi mwisho wa mwezi wa 9. Mnada wa korosho ukianza, kona ya mashariki, ambayo haichezewi, itakodishwa peke yake, na kodi yake ndogo itaanza kazi ya paa kwenye chumba cha watoto wadogo. Vijana wenyewe wamejitolea nguvu zao kwa kazi hiyo, kila Jumapili baada ya madrasa. Mwisho wa ligi daftari litasomwa mbele ya waumini wote: mahudhurio ya madrasa, ya darsa na ya swala ya Alasiri. Yakiwa yameshuka, kiwanja kitafungwa. Vijana walilitia saini sharti hilo wakiwa wanalijua.

Mzazi ambaye mwanawe yumo katika kundi hili anaombwa afike ofisi ya kamati, baina ya Magharibi na Isha, siku yoyote isipokuwa Jumatatu, ili aweke saini ya ridhaa na kuona jina la mwanawe daftarini. Mwenye kofia ya pikipiki isiyotumika asiilete, kwani haifai kwa mlinda mlango. Tunachohitaji ni kofia zenye wavu wa uso, hata zile za kriketi, na mwenye jamaa Dar es Salaam au Nairobi atusaidie kuulizia. Jumamosi ijayo wageni ni vijana wa Masasi. Mechi ya kwanza ni saa 10 kamili, na akina mama wameandaliwa kivuli upande wa kibla. Chakula cha wageni kitapikwa madrasa, na mwenye muhogo, kunde au kuku wa kuchangia atapokelewa tangu asubuhi.